Kumi nenda uje: kisa cha friza, risiti na elfu sitini Unguja na Pemba

Kuhusu kisa hiki

Msambazaji anayezungumzwa hapa anauza vifaa vya umeme kwa jumla. Ghala lake liko Unguja na maduka anayoyahudumia yako visiwa vyote viwili. Jina lake, chapa ya friza na mwaka vimeondolewa. Tarakimu zimesogezwa kidogo ili asitambulike, lakini uwiano kati yao umeachwa kama ulivyokuwa.

Swali linalochunguzwa ni hili: kwa nini kampuni imwambie mteja "lipa bei kamili, tuletee risiti, tutakurudishia elfu sitini", wakati ingeweza kuzipunguza hizo elfu sitini pale pale kaunta? Mtu yeyote wa soko la Darajani atakujibu bila kufikiri mara mbili: wanangoja usahau. Hajakosea, ila kuna sababu nyingine tatu au nne ambazo mteja hazioni, na kwa msambazaji huyu hizo ndizo zilizokuwa nzito.

Mtindo ulipotokea

Marekani ndiko mtindo huu wa rejesho ulikokomaa. Januari 1975 kampuni ya Chrysler, magari yakiwa yamerundikana bila wanunuzi, ilitangaza wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kwamba anayenunua gari atapata hundi. Baadaye ukahamia kwenye kompyuta, printa na simu. Mnunuzi alikata msimbopau (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine) kwenye boksi, akaambatisha risiti na fomu, akabandika stempu, akasubiri hundi kwa wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi. Mwaka 2005 maduka ya Best Buy yalitangaza kuachana na utaratibu huo ndani ya miaka miwili kwa sababu ya manung'uniko ya wateja. Mwaka huo huo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliifungulia CompUSA, kampuni ya maduka ya kompyuta, mashitaka: ilikuwa inaendelea kutangaza marejesho ya QPS, kampuni iliyoiuzia vifaa, huku ikijua kuwa QPS hailipi kwa wakati. Jimbo la Connecticut linakataza kutangaza bei baada ya rejesho kana kwamba ndiyo bei ya dukani, isipokuwa mteja akipewa fedha hiyo anaponunua.

Utaratibu huo wote umejengwa juu ya posta inayofika mlangoni. Kwetu barua huishia kwenye sanduku la posta, tena la mtu mwingine mara nyingi. Kwa hiyo msambazaji alibadilisha vitu viwili: bahasha ilitiwa kwenye kisanduku dukani, na fedha zilirudi kwa simu. Mengine yote aliyachukua kama yalivyo.

Ghala, maduka na bei

Bidhaa ilikuwa friza ya mlango wa juu ya lita 200, ile inayonunuliwa na wauza barafu, wauza juisi na wenye samaki. Maduka yaliichukua kwa shilingi 690,000. Bei iliyoandikwa kaunta ilikuwa 780,000, ingawa anayejua kupatana alitoka nayo kwa 765,000 au hata 760,000. Ghalani zilikuwepo 1,200 na kontena jingine lilikuwa linasubiri malipo ya awali. Msambazaji alitaka zote ziondoke baina ya mwanzo wa Shaaban na mkesha wa Idi, yaani kama siku 59, kwa sababu huo ndio msimu wa friza. Baada ya Idi soko hulala.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepunguza bei ya jumla kwa 30,000 katika miezi hiyo hiyo miwili. Mambo matatu yakamkera.

Kwanza, punguzo lilikwama njiani. Alipeleka watu wakajifanya wanunuzi kwenye maduka 14. Bei ya kaunta ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 10,000 tu. Elfu ishirini zilizobaki zilikaa kwa mwenye duka.

Pili, maduka yalijaza stoo. Yalinunua friza 1,040 kwa bei ya chini, na Idi ilipopita 310 zilikuwa bado hazijauzwa. Hizo ziliuzwa polepole baadaye kwa bei kamili, na kwa miezi kadhaa hakuna duka lililoagiza mzigo mpya.

Tatu ni jambo ambalo watu wa nje ya biashara hawalijui. Siku bei ya jumla ilipotangazwa, maduka yalikuwa na friza 210 zilizonunuliwa kwa bei ya zamani. Wenye maduka walikuja juu: ama turudishie tofauti, ama hatupunguzi. Akalipa 6,300,000 kwa mashine ambazo zilikuwa zimeshauzwa kwenye vitabu vyake.

Hesabu kabla ya uamuzi

Njia A ilikuwa kupunguza tena bei ya jumla, safari hii kwa 40,000. Kwa friza 1,200 hizo ni 48,000,000, na zinatoka zote hata kama mteja hatapata nusu yake.

Njia B ilikuwa rejesho la 60,000 kwa mnunuzi mwenyewe. Ofisi ya mtengenezaji nje ya nchi ilimwambia ategemee asilimia 40 ya wanunuzi kudai. Kushughulikia dai moja (fomu, karani, ada ya kutuma fedha) kulikadiriwa 3,000. Hesabu ikawa 480 mara 63,000, sawa na 30,240,000. Bango linasema 60,000, kampuni inatumia kama 25,000 kwa kila friza, na mteja anavutwa na ile sitini. Hapo ndipo utamu wa rejesho ulipo kwa kampuni yoyote: tangazo ni la fedha yote, gharama ni ya wanaodai tu.

Yapo na mengine yaliyompendeza. Rejesho linafuata mashine iliyofika kwa mtumiaji, kwa hiyo duka halina sababu ya kujaza stoo wala ya kudai tofauti ya mzigo wa zamani. Bei ya 780,000 inabaki ubaoni. Promosheni ikiisha hakuna anayesema bei imepanda, wakati bei iliyopunguzwa waziwazi hugeuka "bei ya juzi" ambayo kila mnunuzi atakutajia miezi mitatu. Fedha za mauzo zinaingia zote leo na za rejesho zinatoka mwezi ujao. Na fomu inaleta majina, shehia na namba za simu za watu wenye friza.

Upande wa kodi ulimwangukia mteja kimya kimya. Risiti ilitoka kwa bei kamili, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Zanzibar ya asilimia 15 ikahesabiwa kwa bei hiyo. Ndani ya 780,000 mna VAT ya 101,739. Ndani ya 720,000 ingekuwa 93,913. Elfu saba na mia nane za tofauti mteja alizilipa na hazikurudi.

Kikomo kilikuwa rahisi kukipata: 48,000,000 gawa kwa 63,000 ni madai 762, yaani asilimia 63 na nusu. Ikizidi hapo, njia A ni rahisi zaidi. Karatasi ya hesabu haikuwa na mstari huo. Mstari uliokuwepo ulikuwa mmoja tu, wa asilimia 40.

Njia C, ya kuwalipa wenye maduka kwa kila namba ya mashine waliyothibitisha kuiuza, ilitajwa ikaachwa, kwa hoja kwamba ingehitaji karani wa kufuatilia maduka. Karani huyo alikuja kuhitajika vilevile.

Masharti

Mnunuzi alitakiwa kutia ndani ya bahasha vitu vitatu: risiti halisi ya kielektroniki, msimbopau uliokatwa kwenye boksi, na fomu yenye jina, shehia, namba ya simu na namba ya mashine. Bahasha ifike ndani ya siku 30 tangu kununua. Malipo ndani ya siku 21 tangu bahasha kufika. Unguja viliwekwa visanduku vitatu. Pemba kiliwekwa kimoja, kwa wakala wa Chake Chake, ambaye alizipeleka bahasha Unguja kwa boti mara moja kwa wiki.

Msimbopau hukatwa kwa sababu mbili. Boksi moja lisidaiwe mara mbili, na mashine isirudishwe dukani baada ya rejesho kulipwa. Sababu ya pili ina makali kwa mnunuzi. Friza iliyosafirishwa ikiwa imelala haiwashwi papo hapo. Huachwa imesimama saa kadhaa mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, kisha inahitaji siku moja au mbili kujulikana kama inagandisha sawasawa. Aliyekata boksi jioni ile ile aliyoifikisha nyumbani alikuwa ameshajifungia mlango wa kuirudisha. Wanunuzi sita yaliwakuta hayo, na kila mmoja alitupiwa kama mpira baina ya duka na ghala.

Yaliyotokea

Wiki mbili za mwanzo ziliuzwa friza 300 na zikaja bahasha 61. Asilimia 20. Ofisini wakafurahi, na mwenye kampuni akatoa malipo ya awali ya kontena lililokuwa linasubiri. Hakuna aliyeuliza swali la wazi: mtu aliyepewa siku 30 ana haraka gani ya kuleta bahasha wiki ya kwanza? Madai ya wiki mbili yaligawanywa kwa mauzo ya wiki mbili, kana kwamba yanakwenda pamoja.

Wiki ya tano karani alifungua bahasha kubwa ya kaki akakuta fomu 38. Wino mmoja, mwandiko mmoja, herufi zote zimelalia upande mmoja. Misimbopau nayo ilisema: ya wateja wa mmoja mmoja ilikuwa imechanwa kwa kisu cha jikoni, kingo zimetoka nyuzi, nyingine imebeba na kipande cha picha ya friza, hii 38 ilikatwa kwa wembe na rula, yote kipimo kimoja. Namba za simu kwenye fomu hizo zilikuwa mbili.

Kulikuwa na biashara mpya kaunta, na haikufichwa. Mnunuzi anaingia, ameliona bango, anamwambia muuzaji, "Mwanangu, hiyo sitini si ungenitolea hapa hapa?" Muuzaji anamjibu, "Bi mkubwa, hiyo sitini mpaka ujaze karatasi, upeleke bahasha, ukae usubiri. Mie nakutolea arubaini sasa hivi, niachie risiti na boksi." Moja shika, si kumi nenda uje. Mama anatoka na friza kwa 740,000, muuzaji anakata msimbopau, anajaza fomu usiku duka likishafungwa, na baada ya wiki kadhaa anavuna 60,000. Punguzo la kaunta lilikuwa baina ya 35,000 na 45,000 kulingana na ulimi wa mnunuzi, hivyo muuzaji alibaki na 15,000 hadi 25,000. Kwa lugha ya kibenki, alinunua deni kwa bei pungufu. Yeye hakuliita hivyo, na katika mji ambao neno riba halitamkwi kwa wepesi, jina lina uzito wake. Aliita kumpunguzia mteja.

Ilipofanywa hesabu, namba 19 za simu zilikuwa zimedai mara tano au zaidi, jumla madai 348.

Pemba hali ilikuwa kinyume kabisa. Mnunuzi wa Konde au Micheweni alitakiwa aende Chake kutia bahasha kwenye kisanduku, na nauli na siku nzima ni zake. Boksi nalo lilikuwa limeshakula safari: limeloa kwenye meli, lebo imebanduka, au limebaki kwa mwenye gari kama malipo ya juu. Wenye maduka wa Pemba hawakuingia kwenye ile biashara ya kukusanya risiti kwa wingi, kwa kuwa fedha zilichelewa zaidi kwao na hawakuwa na mtu wa kumfuata ofisini.

Lipo na suala la risiti yenyewe. Baadhi ya maduka yalikuwa na bei mbili, 780,000 ukitaka risiti na 745,000 usipoitaka. Hii si sheria na wala si siri. Mnunuzi aliyechukua bei ya pili alikuwa ameshachukua punguzo lake, ila hakuwa na cha kutia kwenye bahasha.

Uamuzi wa katikati

Mhasibu alitaka zile 348 zikataliwe zote. Meneja wa mauzo akapinga: fomu ilisema "mnunuzi ajaze" lakini haikukataza namba moja kudai mara nyingi, na duka likikataliwa madai 38 litaigeuzia chapa hiyo mgongo siku hiyo hiyo. Mwenye kampuni aliamua zilizokwishafika zilipwe, na kuanzia wiki ya sita namba moja isidai zaidi ya mara mbili.

Sharti hilo halikupunguza kitu. Wenye maduka waliandika laini za wapwa, za vijana wa dukani, za majirani. Lilichofanya ni kumtia karani gizani: zamani aliweza kuona ni duka gani linakusanya, sasa hakuweza.

Kukataliwa kwa bahasha nako kulikuwa na sura yake. Ukaguzi wa kwanza ulizirudisha 143. Risiti zilizofifia 58, majina yasiyolingana 37, msimbopau uliokosekana au ulioletwa kwa nakala ya kivuli 31, zilizochelewa 17. Risiti ya mashine huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, haina wino, na joto lile lile huifuta. Ukiiweka juu ya kabati la jikoni, ndani ya mfuko wa plastiki dirishani au kwenye dashibodi ya gari, baada ya wiki tatu unabaki na karatasi nyeupe. Katika hizo 58, 33 zilitoka Pemba. Majina yasiyolingana yalitokana na laini: bibi kanunua, namba ni ya mjukuu, na simu inaonyesha jina la aliyesajili laini.

Baada ya kelele, ofisi ilikubali kulinganisha na nakala za maduka, na 104 kati ya hizo zikalipwa.

Kisha ikaja Idi. Wiki tatu za mwisho ziliingia bahasha 430, ambazo ni 25,800,000. Fedha hizo zilikuwa baharini, ndani ya kontena. Siku 21 zilizoahidiwa zikawa wastani wa 47. Watu wakaanza kwenda ofisini wakiwa na bango mkononi.

Matokeo

Friza zilizofika kwa watumiaji ni 1,150: Unguja 830, Pemba 320. Kati ya 50 zilizobaki, 12 tu ndizo zilizokuwa kwenye stoo za maduka. Mwaka uliotangulia miezi hiyo hiyo zilifika kwa watumiaji 730.

Madai yalikuwa 786, sawa na asilimia 68. Unguja walidai 690 kati ya 830, asilimia 83. Pemba 96 kati ya 320, asilimia 30. Yaliyolipwa ni 747, kwa 44,820,000. Kushughulikia dai moja kulifika 5,200 badala ya 3,000, kwa sababu ya kukagua mara mbili na simu za kufuatilia. Hizo ni 4,087,200. Jumla 48,907,200. Kwa friza zile zile 1,150, kupunguza bei ya jumla kwa 40,000 kungegharimu 46,000,000.

Uchambuzi

Mantiki ya rejesho ni kuwagawa wanunuzi bila kuwauliza. Mwenye haraka na mwenye nazo atalipa bei kamili na asisumbuke na bahasha. Anayehesabu kila shilingi atasumbuka na atapata bei ya chini. Usumbufu ndio chujio. Ili chujio lifanye kazi, lazima usumbufu uwe mwepesi kwa maskini kuliko kwa tajiri, yaani maskini awe na muda mwingi na posta jirani. Visiwani chujio liligeuka juu chini. Usumbufu ulipimwa kwa umbali kutoka mjini. Kila friza iliyouzwa Unguja ilivuta kama 50,000 za madai. Ya Pemba ilivuta 18,000. Aliyetoa fedha ya bei kamili na kuiacha ofisini alikuwa muuza barafu wa Micheweni, siye mwenye hoteli.

Asilimia 40 ilikuwa kosa la msingi, na ilikuwa kosa la kuazima. Kiwango cha kudai hupanda fedha inapokuwa kubwa na hupanda kazi ya kudai inapokuwa ndogo. Elfu mbili kwenye kopo la rangi mtu huzisahau. Elfu sitini hakuna nyumba inayozisahau. Uingereza mwaka 1992 Hoover iliahidi tiketi za ndege za bure kwa anayenunua bidhaa za pauni 100, ikitegemea wengi watashindwa na masharti. Watu walinunua mashine ili wapate tiketi, na hasara ikafika karibu pauni milioni 50. Msambazaji wetu hakufika huko kwa sababu rejesho lake lilikuwa dogo kuliko faida ya mashine, lakini aliteleza pale pale: alipanga bajeti kwa idadi ya watakaoshindwa, bila kuuliza nani anaweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao. Soko lenye kupatana lina watu wa kazi hiyo tayari, nao wanakaa nyuma ya kaunta.

Kwa upande wa pili, lengo lake la kumpita mwenye duka lilifanikiwa kwa njia ambayo hakuipanga. Chini ya punguzo la jumla mteja aliona 10,000 kati ya 30,000, theluthi moja. Hapa, hata alipouza risiti yake kwa muuzaji, aliona 35,000 hadi 45,000 kati ya 60,000. Kilichobadilika ni bango. Punguzo la jumla ni siri ya ghala na duka. Mnunuzi hajui kuna elfu thelathini za kugombania. Bango la sitini lilimpa namba ya kuanzia, na muuzaji aliyetoa ishirini alijua duka la pili litatoa arubaini. Mhasibu aliona wenye maduka wanaiba. Kwa hesabu ya kilichomfikia mteja, huo ndio ulikuwa mwaka wao bora.

Kwenye vitabu kosa lilikuwa jingine. Mauzo yaliandikwa yote kama mapato na marejesho yakasubiri yalipwe ndipo yaandikwe. Kwa kanuni za kimataifa za uhasibu ziitwazo IFRS 15, zilizoanza kutumika Januari 2018, fedha unayotarajia kumrudishia mteja hutolewa kwenye mapato siku ile ile ya mauzo na kuwekwa upande wa madeni. Ahadi ni deni, na hapa ni deni la kuandikwa. Hata kwa ile asilimia 40, katika mauzo ya 1,150 zilitakiwa kutengwa 27,600,000. Zingekuwa zimetengwa, malipo ya kontena yangeonekana mapema kuwa hayana fedha.

Kuhusu masharti, risiti ndiyo iliyokuwa kiungo dhaifu na haikuwa na lazima. Namba ya mashine ipo kwenye kila friza, haifutwi na joto, haiachwi kwa mwenye gari, na ghala lina orodha ya namba zote zilizokwenda kila duka. Kutaka risiti halisi, msimbopau halisi na namba ya mashine kwa pamoja ni kukagua kitu kimoja mara tatu, na kila ukaguzi ulimwangusha mtu mkweli wakati mwenye duka aliyejaza fomu 38 hakuanguka hata mara moja.

Msimu uliofuata

Njia C ilitolewa kabatini. Duka hupata 25,000 kwa kila namba ya mashine inayoripotiwa kuuzwa, kwa sharti kwamba bei mpya iandikwe ubaoni. Mnunuzi hutumiwa 20,000 anapopiga simu kusajili garantii na kusoma namba iliyobandikwa ndani ya mlango wa friza, ambapo haionekani mpaka mashine ifunguliwe nyumbani. Boksi halikatwi. Pemba hakuna bahasha ya kusafirisha. Bajeti ilipangwa kwa watu wote kudai.

Madai 39 ambayo hayakulipwa, 2,340,000, bado yako upande wa madeni. Mhasibu aliomba ayahamishie kwenye mapato. Mwenye kampuni alikataa mpaka wakala wa Chake azipitie upya risiti nyeupe, moja moja, na nakala za maduka mkononi.